Dakika Kumi na Saba za Bashi Kasuba

Zelipa Jere hakuzaliwa katika mji wa mgodi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu huko Chipata, na yeye alikuja Kitwe kusoma kompyuta akiwa na begi moja na nusu gunia la karanga ambalo mama yake aliamini lingemfikisha mwisho wa muhula. Alipohitimu, mgodi wetu wa Chimfule ulimwajiri aandike programu za vipimo. Meza yake ilitazamana na yangu kwa miaka minne. Naandika habari zake kwa sababu kitu pekee kilichoandikwa juu yake mpaka leo ni ripoti yenye mistari sita. Nimeisoma mara nyingi. Hakuna mstari hata mmoja wenye uongo ndani yake, na ukiisoma yote sita kwa pamoja umedanganywa.

Chimfule ni mgodi wa shaba kwa jina. Kwa kazi ni mgodi wa maji. Kule chini, mita mia nane, miamba inatoka jasho saa zote, na maji tunayoyapandisha juu kwa siku yanayazidi mawe kwa mbali. Pampu zikisimama, mgodi unageuka kisima. Kwa hiyo mtu muhimu kuliko wote pale, na nasema hivi nikijua watakaonuna, hakuwa meneja. Alikuwa mwangalizi wa pampu.

Mwangalizi wa Shimo la Pili aliitwa Ng'andwe Sampa. Sisi tulimwita Bashi Kasuba, yaani Baba Kasuba, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mkewe tulimwita Bana Kasuba, kama inavyopasa kuwaita watu wazima. Alikuwa ametumikia pampu miaka ishirini na sita. Sauti yake ilikuwa kubwa hata mezani kwake, kwa sababu aliizoesha kushindana na mitambo.

Siku Zelipa aliposhuka mara ya kwanza kufunga kipimo chake, mzee alimwuliza jina la ukoo.

"Jere," akasema.

"Mngoni." Aligeukia wenzake. "Jamani, fungeni ng'ombe, wameanza kuajiri wezi."

"Ng'ombe gani, mzee?" Zelipa akamjibu. "Wabemba mna ng'ombe? Nyinyi si mnakula nyani."

"Nyani ana nyama, binti. Panya wenu mtu anakula mkia, anashibaje?"

Walianza hapo, hawakuacha tena. Kwetu Mbemba na Mngoni ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana, na mtani hana adabu wala hatarajiwi kuwa nayo. Hasemi asante, hasemi samahani, haitwi bwana wala bibi. Kwa miaka mitatu sikuwahi kumsikia Bashi Kasuba akimwita Zelipa kwa jina lake. Alikuwa Mla Panya. Simu ya chini ikilia ofisini kwetu na sauti kubwa ikaagiza aitwe Mla Panya kwa kuwa mashine yake imeanza kupiga miayo, sote tulijua kaiona hitilafu ndogo na anataka kuizungumzia kwa saa nzima.

Jumapili Zelipa alikuwa akienda kula nyumbani kwa mzee. Bana Kasuba alimwandalia nshima, ugali wetu, na dagaa wa kapenta kama wengine, kisha akamletea kisahani cha peke yake kilichofunikwa kwa adabu zote. Zelipa alipofunua alikuta kipande cha kamba ya katani kimekunjwa kama mkia. Alikichukua, akakitia mdomoni, akasema kinahitaji chumvi. Bana Kasuba alicheka mpaka akatoka nje. Tangu siku ile kile kipande cha kamba kilihifadhiwa kabatini, na kila Zelipa alipokuja kiliandaliwa tena.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa maana bila hiyo hamtaelewa kilichotupata.

Chumba cha pampu kiko upande mmoja wa handaki la mita mia tatu. Upande wa pili liko bwawa ambamo maji yote ya ngazi ile ya mgodi hukusanyika. Mtu aliye chumbani halioni bwawa. Kanuni ilikuwa hii: kina cha maji kikiwa chini ya mita moja na nusu, unaruhusiwa kuingia handakini kusafisha chujio la pampu; kikipita mita mbili, unafunga mlango wa chuma, unapanda juu, humwulizi mtu. Zamani Bashi Kasuba alikijua kina kwa kutembea mpaka bwawani na fito yake yenye alama, kila saa, kwa miguu.

Programu ya Zelipa ilimwondolea safari hizo. Ilikuwa ndogo. Kila baada ya sekunde kumi ilisoma kina kutoka kwenye kipimo kilichozama bwawani, ikaandika mstari mmoja kwenye skrini ya chumba cha pampu: tarehe, saa, kina, hali ya pampu. Herufi arobaini. Mstari mpya uliingia chini, ya zamani ikasogea juu, mchana kutwa.

Bashi Kasuba hakuiamini hata kidogo. Kwa miezi mitatu aliendelea kwenda bwawani na fito, anapima, anapiga simu ya handakini, na mwenzake Lombe Kapasa, fundi wa chujio, anamsomea namba iliyo kwenye skrini. Alipima asubuhi na mchana. Alipima hata siku ambazo pampu mbili zilizimwa makusudi ili maji yapande haraka. Namba ya fito na namba ya skrini zililingana, na zililingana wakati uleule, bila kuchelewa. Mwisho wa mwezi wa tatu alimwita Zelipa ashuke, akaitundika fito ukutani mbele yake.

"Haya, Mla Panya," akasema. "Umeniletea Mngoni wa kwanza asiyedanganya. Akinidanganya huyu, nitakufuata mimi mwenyewe mpaka Chipata."

Mwaka uliofuata tuliletewa mkuu mpya wa usalama, Bwana Nkonde, mtu wa suti na viatu vya mgodi visivyo na tope. Alishuka mara moja akiwa na wageni wa makao makuu, akarudi na matakwa mawili. La kwanza, vipimo visiishie kwenye skrini, viwekwe kwenye faili ili avitumie katika taarifa zake za kila mwezi. La pili, ile mistari inayokimbia iondolewe, maana inawachanganya wageni. Iwekwe namba moja kubwa, rangi ya kijani kukiwa salama, nyekundu kukiwa na hatari. Zelipa aliomba angalau saa ibaki pembeni ya namba. Bwana Nkonde alimwambia saa ya ukutani ipo.

Zelipa aliifanya kazi hiyo mchana mmoja. Programu yenyewe ya vipimo hakuigusa, hata herufi. Alichofanya ni kuongeza alama moja ndogo ya mshale mwishoni mwa amri ya kuiwasha, mshale unaoiambia kompyuta kwamba maneno yaliyokuwa yakienda kwenye skrini sasa yaende kwenye faili. Kisha akaandika ukurasa mdogo wa kusoma mstari wa mwisho uliokamilika kwenye faili na kuonyesha namba yake kwa rangi. Akaujaribu mezani kwake. Kwa kuwa hakutaka kukaa akingoja sekunde kumi kwa kila mstari, aliilisha programu vipimo vya kubuni, mia kwa sekunde. Namba kwenye ukurasa ilibadilika papo hapo. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesema, "Iko sawa."

Bashi Kasuba alilalamika kidogo kwamba skrini mpya ni kama jicho lisilopepesa. Lakini programu ilikuwa ileile aliyoipima miezi mitatu. Fito ilibaki ukutani.

Wiki tatu baadaye, Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, alipiga simu juu. Opereta aliandika kwenye daftari lake: Kituo cha pampu, maji mita moja nukta mbili moja, tunaingia kusafisha chujio. Saa nne na dakika ishirini na moja umeme wa kituo kizima ulikatika. Ukuta wa mwamba ulikuwa umepasuka nyuma ya bwawa. Bashi Kasuba na Lombe Kapasa walipatikana Jumatano, ndani ya handaki, wote wawili wakielekea upande wa mlango.

Alhamisi, kabla hata ya jeneza la kwanza kupigwa misumari, tangazo lilibandikwa langoni. Lilisema kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha vipimo viliandikwa vizuri mpaka saa nne na dakika nne, maji yakiwa salama. Umeme ulikuwepo mpaka saa nne na dakika ishirini na moja. Kwa dakika kumi na saba hakuna kilichoandikwa. Hivyo mwangalizi aliizima mashine kinyume cha kanuni, akaingia handakini na mwenzake bila kujua hali ya maji.

Kila mtu alilisoma. Na wengi waliamini, kwa sababu nani hakuwahi kumsikia mzee akiisema vibaya ile mashine? Ndugu zake Lombe walimzika mtu wao Ijumaa, peke yao, wakatuma ujumbe kwa Bana Kasuba kwamba wasionane. Mume wake, walisema, alimwua Lombe, baba wa pacha, kwa ukaidi. Mwanamke aliyefiwa siku tatu alitakiwa abebe na hilo.

Ijumaa hiyohiyo asubuhi Zelipa aliomba nakala ya faili iliyookolewa kutoka chini. Aliifungua, akashuka mpaka mwisho. Nilimwona akiisogelea skrini, nikazunguka meza.

Mstari wa mwisho ulikuwa umekatika katikati. Tarehe ilikuwepo, saa ilikuwepo, neno "kina" lilikuwepo, kisha hakuna. Namba haikuwepo.

"Mtu akiizima," akasema polepole, "inaaga. Inamaliza mstari wake, inaandika 'imezimwa'. Mimi niliiandika hivyo. Huyu hakuaga."

Kisha akauliza ukubwa wa faili, akaugawanya kwa elfu nne na tisini na sita. Haikubaki hata herufi moja. Alifunika uso kwa mikono, na mimi nikaelewa.

Jambo lenyewe kila aliyesomea kazi hii amelisikia darasani akalisahau. Programu ikiandika kwenye skrini, lugha iliyoandikiwa huuachia kila mstari mara tu unapokamilika, kwa sababu inachukulia kwamba mbele ya skrini kuna mtu anasoma. Ikiandika kwenye faili, inachukulia kwamba hakuna anayengoja. Basi haiandiki. Inayakusanya maneno kwenye kumbukumbu yake, ikisubiri yafike herufi elfu nne na tisini na sita, ndipo iyamwage yote kwa mkupuo, hata kama mkupuo unaukata mstari katikati. Hilo haliitwi kosa. Watu waliamua hivyo miaka mingi iliyopita, katika vyumba vyenye baridi mbali sana na hapa, kwa sababu kuandika kwenye diski kidogo kidogo kulichelewesha mashine. Dawa yake ni amri moja, neno moja, linaloiambia programu: toa ulichonacho sasa. Zelipa hakuwa ameliandika neno hilo, kwa sababu kwenye skrini halikuhitajika, na mshale uliongezwa nje ya programu.

Herufi arobaini kwa mstari. Mistari mia na miwili kwa mkupuo. Mstari mmoja kila sekunde kumi. Dakika kumi na saba. Wiki tatu nzima Bashi Kasuba alikuwa akisoma namba inayoweza kuwa na umri wa dakika kumi na saba, akiiamini kama fito yake. Kule mezani, na vipimo mia kwa sekunde, kuchelewa huko kulikuwa sekunde moja tu.

Na mistari yenyewe? Ilikuwa kwenye kumbukumbu ya mashine umeme ulipokatika. Haikuandikwa popote. Haipo.

Zelipa alikwenda kwa Bwana Nkonde kabla ya chakula cha mchana. Nilimsindikiza mpaka mlangoni na mlango haukufungwa vizuri. Alimweleza yote bila kujitetea. Bwana Nkonde alimsikiliza, akamwuliza kama amemwambia mtu mwingine, kisha akamweleza kwa upole kwamba badiliko lile liliidhinishwa kwa saini nne, na mtu akisema lina kasoro anasema saini zote nne zina kasoro.

"Wewe ni kijana," akamalizia. "Nenda mazishini, ulie kama wengine. Marehemu hasomi matangazo."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Yeyote anayeongoza usalama wa watu akaweza kuyatamka hafai kupewa hata ufunguo wa choo.

Jumamosi tulimzika Bashi Kasuba. Kwetu mtani ana kazi zake msibani: anapika, anachota maji, anawazuia wabeba jeneza njiani, anamwigiza marehemu, anamsema vibaya mpaka wafiwa wapumue. Wangoni wa mgodini walikuja kwa wingi. Tuliporudi kutoka makaburini, jua likiwa bado juu, watu wakaketi uani, Bana Kasuba akakalishwa kwenye mkeka kati ya dada zake. Mzee mmoja Mngoni alikwisha kuigiza jinsi marehemu alivyopiga kelele kwenye simu, na watu walikwisha kucheka. Ndipo Zelipa aliposimama. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani na helmeti ya mgodi juu yake, kama mtani.

"Nisikilizeni, wala nyani," akasema. Watu wakamgeukia, tayari wakitabasamu. "Mnamlilia huyu mnadhani maji yamemwua? Mimi ndiye niliyemwua."

Kicheko.

"Mashine yangu ilijua. Ilijua maji yanapanda, ilikuwa na habari mdomoni, imejaza mashavu, haikutema. Mzee wenu hakuzima kitu. Alisoma namba niliyompa mimi, na namba ilikuwa imeoza."

"Mngoni umemwona!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye magogo ya wanaume. "Kashindwa kuiba ng'ombe, sasa anaiba misiba!"

Wakaangua kicheko uwanja mzima. Dada mmoja wa Bana Kasuba alimpiga Zelipa kwa kanga, kwa mzaha. Mwingine akasema kama yeye ndiye muuaji basi alipe kwa kuosha sufuria zote. Zelipa alirudia. Alisema anasema kweli, alisema dakika kumi na saba, alitaja mshale na faili. Kadiri alivyoshikilia ndivyo walivyocheka, maana mtani hodari ndiye asiyecheka mwenyewe. Machozi yalipomtoka walimpigia makofi. Na Bana Kasuba, ambaye hakuwa ametabasamu tangu Jumanne, aliinua uso, akamtazama, akacheka kidogo.

Zelipa alikwenda akaosha sufuria. Nilimfuata nyuma ya nyumba. Nilikuwa na hasira, nikamwuliza kwa nini alichagua mahali pale, kama hakuwa anatafuta pa kujificha. Aliendelea kusugua masizi.

"Nilifikiri ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu angenizuia kusema," akasema. "Sikufikiri kwamba ndipo mahali pekee ambapo hakuna atakayeniamini."

Kwa hiyo ilibidi aseme tena, mahali pakavu, pasipo utani. Wiki tano baadaye mkaguzi wa serikali alikuja na wajumbe wake kusikiliza shauri katika ukumbi wa mgodi. Zelipa hakuwa kwenye orodha ya mashahidi. Alimwandikia mkaguzi barua kwa mkono, nami niliipeleka nyumba ya wageni alikofikia. Kwa hilo Bwana Nkonde aliacha kuniamkia, na sijapungukiwa.

Aliingia ukumbini akiwa na kompyuta ya mezani. Kwenye meza aliwasha programu ileile, herufi kwa herufi. Kwanza aliiacha iandike kwenye skrini. Kila sekunde kumi mstari ulitokea, wajumbe wakaona. Kisha akaiwasha upya na mshale. Faili ikakaa tupu. Dakika moja, mbili, tano. Wajumbe wakaanza kutazama saa zao. Wakili wa kampuni akauliza kama maonyesho yamekwisha. Zelipa akamwomba angoje, kwa sababu mzee naye aliingoja. Dakika ya kumi na saba mistari mia ilitokea yote mara moja, wa mwisho umekatika katikati. Akaiacha iendelee dakika kumi na mbili zaidi, kisha akachomoa waya ukutani.

Alipoiwasha mashine tena, zile dakika kumi na mbili hazikuwepo. Mstari wa mwisho ulikuwa uleule uliokatika.

Mkaguzi, mtu mzima mwenye miwani, aliinama kuuangalia kwa karibu. "Nani aliamua iwe hivi?" akauliza.

"Waliotengeneza lugha, mheshimiwa. Waliamua kwamba faili haina mtu."

"Na nani alijua kwamba faili hii ina mtu?"

"Mimi," Zelipa akasema. "Na Bwana Nkonde aliyeiagiza. Lakini kujua lugha inafanya nini ilikuwa kazi yangu."

Wakili alilidaka jibu hilo kwa mikono miwili. Ripoti ilitoka baada ya miezi miwili. Ile mistari sita ndiyo hiyo: kwamba marehemu Sampa hakuzima mashine, kwamba kifo cha watu wawili kilitokana na kuchelewa kwa taarifa, kwamba kuchelewa kulitokana na programu, kwamba programu iliandikwa na Z. Jere, kwamba Z. Jere amekiri, kwamba ajira yake imesitishwa. Kuhusu saa iliyoondolewa kwenye skrini, hakuna. Kuhusu saini nne, hakuna. Kuhusu wageni waliochanganywa na mistari inayokimbia, hakuna. Bwana Nkonde yuko makao makuu sasa, anaongoza usalama wa migodi mitatu.

Jumapili iliyofuata, ndugu zake Lombe walikwenda kwa Bana Kasuba na kikapu cha unga, wakaketi naye, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza. Jina la mzee lilisafishwa. Zelipa alilitaka hilo na alilipata.

Yeye alikwenda siku mbili baadaye, kuaga. Begi lake lilikuwa tayari kwa basi la Chipata. Aliniomba tufuatane, nadhani aliogopa. Njiani alisema anajua atakavyopokewa: atatukanwa yeye na ukoo wake na panya wao wote, na atatukanwa kwa haki, na baada ya hapo ataweza kupumua. Aliyasema hayo karibu kwa furaha.

Bana Kasuba alitukaribisha ndani, akatuwekea viti. Si mkeka, viti. Alileta chai na vitumbua kwenye sinia. Kisahani chenye kamba hakikuja. Aliuliza safari ni ya saa ngapi, akauliza afya ya wazazi. Kisha akainyoosha kanga magotini.

"Nilitaka kukuuliza jambo moja," akasema. "Ile mistari iliyopotea. Ingekuwa imeandikwa, ingemwambia apande saa ngapi?"

Zelipa alikuwa amelipigia hesabu jambo hilo mara nyingi, kutokana na kasi ya maji waliyoipima wakaguzi. Nilimwona akitafuta namna ya kutojibu, asiipate.

"Maji yalipita mita mbili saa nne na dakika kumi na moja," akasema.

"Na simu yake?"

"Kumi na mbili."

Bana Kasuba alitikisa kichwa taratibu. Dakika moja. Mzee alikuwa amesimama mbele ya skrini ya kijani, simu mkononi, na mlango wa chuma uko nyuma yake.

"Angepanda," akasema.

"Angepanda."

Tulikunywa chai. Hakuna aliyegusa vitumbua. Tulipoinuka, alitusindikiza mpaka kwenye ua, akasimama na mikono imeshikana mbele, kama anavyosimama mtu mbele ya mgeni wa heshima. Zelipa alisimama pia. Alikuwa akingoja. Alimtazama usoni akingoja lile tusi, lolote, hata dogo, hata lile la zamani la mkia.

"Asante sana kwa kusema ukweli, Bi Jere," Bana Kasuba akasema. "Safari njema."

Akainamisha kichwa kwa adabu, akarudi ndani, akafunga mlango.